Usitupe mausi ya zamani: jinsi ya kuifungua, kuisafisha na kuitumia, kuanzia ya gololi mpaka ya taa nyekundu

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita nilipita kwa mama mdogo Tandika, ana kasteshenari kake pale, kompyuta moja, printa moja na mashine ya kutoa kopi, nikamkuta anagongagonga mausi mezani kama anavunja nazi. Shikamoo mama mdogo, hiyo nayo imekukosea nini? Marahaba mwanangu, we acha tu, imekufa hii, mshale unapanda na kushuka vizuri ila kwenda pembeni hautaki kabisa, na huyu kaka hapa anasubiri CV yake toka saa tatu. Nikaigeuza chini, kumbe ni ya gololi, zile za zamani kabisa, na kompyuta yenyewe ni ile ya mnara inayopiga kelele kama feni ya gesti. Nikaifungua bila bisibisi, nikaikwangua kwa kijiti cha meno, dakika kumi hazikufika mausi inateleza kama imetoka kiwandani leo na kaka wa watu akaondoka na CV yake.

Ndo nikasema niandike hii, maana najua wengi mna mausi za hivyo kwenye droo, ofisini, shuleni, kwenye maboksi ya spea, na nyingi zinaitwa mbovu wakati ni chafu tu. Hizi za zamani zilitengenezwa mtu azifungue, sisi tumeshazoea vitu vya gundi mpaka tunaogopa kugusa kitu chenye skrubu. Nitaenda hatua kwa hatua ila kwenye gololi nitakaa sana, coz hapo ndo watu hawapajui tena. Na nitasema mausi, najua kipanya ndo Kiswahili chenyewe, ila sisi tuliokulia Dar miaka ile ukitutajia kipanya akili inaenda kwenye Hiace ya Mwenge Posta na konda ananing'inia mlangoni.

Vitu vya kuwa navyo: bisibisi ndogo ya nyota, vijiti vya meno vya mbao, pamba za masikio, spiriti kidogo ya duka la dawa, sabuni ya kawaida na kitambaa kisichotoa manyoya. Chuma cha kuyeyushia risasi kiwepo kama unajua kukitumia, kama hujui mpelekee fundi redio wa mtaani kwenu, kwake hiyo ni kazi ya dakika tano.

HATUA YA 1: Igeuze ujue una mausi ya aina gani

Ukiona mfuniko wa duara wa kuzungusha na mpira unachungulia katikati, hiyo ya gololi. Ukiona kitundu kinachotoa mwanga mwekundu ikishachomekwa, hiyo ya taa. Kama ina kitundu, inafanya kazi na mwanga huoni kabisa, hiyo itakuwa ya leza au inatumia mwanga usioonekana kwa macho, na za leza zimeanza kuuzwa 2004 Logitech walipotoa MX1000, kwa hesabu zangu hizo bado vijana, leo tunaziacha.

Alafu angalia kichwa cha waya. Kama ni kipana chenye umbo la D na matundu tisa, hiyo ni ya poti ya serial, ya zamani kuliko zote utakazokutana nazo huku mtaani. Kama ni cha duara chenye pini sita na kwa kawaida rangi ya kijani, hiyo PS/2, jina limetoka kwenye kompyuta za IBM za 1987. Bapa ni USB, hiyo kila mtu anaijua. Kuna moja inachanganya watu, ya duara kama PS/2 lakini pini nne tu, hiyo ni ya Apple za zamani kabla hawajaenda USB, usiilazimishe kuingia kwenye PS/2 utapinda pini zote na hutapata kitu.

Wenye serial, geuza mausi uangalie chini kama kuna kaswichi kadogo ka kusogeza kushoto na kulia. Nyingi zilikuwa nako, upande mmoja inaongea lugha ya Microsoft ya vitufe viwili, upande mwingine lugha ya kampuni ya Mouse Systems ya vitufe vitatu. Kakikaa upande usio wake mshale unaruka ovyo kama umepandwa na shetani na mtu anaamini mausi imekufa. Sogeza, washa kompyuta upya, basi.

HATUA YA 2: Ichomeke vizuri, na kwa wakati wake

PS/2 haijatengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa kompyuta ikiwa inawaka. Mara nyingi kitakachotokea ni kwamba haitaonekana mpaka uwashe upya, ila siku ya bahati mbaya unaunguza fyuzi ya poti kwenye bodi na hapo kibodi nayo inaondoka. Kwaiyo zima, chomeka, washa. Ya kijani ni ya mausi, ya zambarau ni ya kibodi, vichwa vinafanana kabisa na ndo maana rangi ziliwekwa.

Pini ikiwa imepinda usitumie koleo. Chukua ncha ya ile penseli ya kubonyeza, toa risasi yake ya kuandikia, kile kibomba chembamba kinaingia kwenye pini, nyanyua taratibu mpaka isimame. Nimeokoa nyingi kwa njia hii.

Sasa hapa kwenye adapta watu wanaliwa sana hela. Kile kiadapta cha kijani, upande USB upande PS/2, ndani hakina akili yoyote ni waya tupu, kinafanya kazi tu kama mausi yenyewe ya USB imetengenezwa kujua lugha zote mbili, zile zilizokuja nacho kwenye boksi. Ukichukua mausi yoyote ya USB ya leo ukaweka pale inaweza isiwake kabisa. Na ukitaka kinyume chake, una PS/2 ya zamani na laptop haina poti hiyo, unatakiwa ununue ile yenye chipu ndani, kwa kawaida inakuja na mikia miwili, zambarau na kijani. Muuzaji akikupa kile kidogo kigumu akasema vyote sawa, mwambie achomeke hapohapo uone.

HATUA YA 3: Ya gololi, safisha rola sio gololi tu

Hili ndo kosa la watu wote. Wanatoa gololi, wanaifuta na shati, wanarudisha, haijabadilika kitu, wanatupa. Gololi sio tatizo, tatizo lipo kule inakogusa.

Kabla sijaendelea ngoja nieleze inavyofanya kazi maana ukielewa hapa utajua pa kukwangua bila kubahatisha. Mausi ya kwanza kabisa, ya mhandisi Douglas Engelbart kule kituo cha utafiti cha SRI, California, mwaka 1964, aliyeijenga kwa mikono ni Bill English, ilikuwa kibox cha mbao na haikuwa na gololi hata kidogo. Ilikuwa na magurudumu mawili chini, moja limekaa kwa urefu lingine limekatiza, moja linahesabu kupanda na kushuka, lingine linahesabu pembeni. Waliionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Ukiisukuma mshazari kila gurudumu linabingirika kidogo huku linaburuzwa, ndo kero yenyewe. Mwaka huohuo 1968 Telefunken wa Ujerumani wakatoa ya kwao yenye gololi. Yani magurudumu mawili bado yapo, ila yamepandishwa ndani yakawa rola nyembamba, gololi ndo inagusa meza na kuzizungusha, na gololi yenyewe haijali unaenda upande gani.

Sasa fanya hivi. Zima kompyuta, geuza mausi, weka vidole viwili kwenye mshale wa mfuniko uzungushe kama unavyoonyeshwa, nyingi ni kinyume cha saa. Funika na kiganja alafu igeuze, mfuniko na gololi vinadondokea mkononi. Usigeuzie juu ya sakafu, gololi ni chuma iliyovikwa raba, ni nzito na inakimbia, utaikuta chini ya kabati la jirani.

Ipige gololi maji ya vuguvugu na sabuni, isuuze, iache ikauke yenyewe. Spiriti usiweke kwenye gololi, inaikausha raba inakuwa ngumu na kuteleza.

Alafu chungulia ndani ya shimo. Utaona vitu vitatu vya kuzunguka. Viwili ni rola nyembamba ndefu, cha tatu ni kigurudumu kifupi kipo kwenye springi, hicho kazi yake kusukuma gololi ikae imebana kwenye zile mbili. Kwenye kila rola, palepale katikati gololi inapogusa, kuna mkanda mweusi au wa kijivu. Huo ni ukoko. Vumbi la meza, mafuta ya mkono, manyoya ya nguo, vyote gololi imevibeba ikavipaka pale na kuvishindilia siku hadi siku mpaka vikawa vigumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Kuloweka hakusaidii, unakwangua.

Kwangua kwa kijiti cha meno cha mbao au kucha, sio wembe sio kisu, ukichora rola itakusanya uchafu mara mbili zaidi. Shikilia rola na kidole isizunguke, kwangua sehemu moja, zungusha kidogo, kwangua tena. Ile ya mama mdogo ilitoka nzima kama pete, kipande kimoja kimejikunja, akaichukua kiganjani akaniuliza hii ndo iliyokuwa inanitesa? Hii hii mama. Wakati unakwangua weka mausi shimo likiangalia chini au ubavu, vipande vidondokee nje visiingie ndani kwenye magurudumu ya matundu. Malizia na pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, zungusha kila rola mpaka pamba itoke safi, na kale ka springi usikasahau.

Na ukitaka kujua rola ipi inakusumbua kabla hujaanza, ni rahisi. Rola iliyolala kwa urefu wa mausi, yani imeelekea kule waya unakoelekea, ndo inayosoma kushoto na kulia. Iliyokatiza ndo inasoma juu na chini. Ndo maana mausi ya mama mdogo ilikuwa inapanda na kushuka tu, rola moja ina ukoko nyingine nzima.

Ukisafisha bado inakwama, toa skrubu. Kwa kawaida ni moja au mbili, na kama huzioni zipo chini ya stika au chini ya vile vimiguu vya kuteleza, bandua pole pole huku ukivipasha moto kwa drai ya nywele gundi ilegee. Ndani utaona kila rola mwisho wake ina gurudumu lenye matundu kama kichujio. Upande mmoja wa gurudumu kuna kataa ka mwanga usioonekana, upande wa pili kuna kajicho. Gurudumu likizunguka mwanga unakatwa na kuachiwa, hayo makato ndo yanahesabiwa, na kajicho kana macho mawili yaliyopishana kidogo, linaloona mwanga kwanza ndo linasema umeenda kulia au kushoto. Ujanja mtupu. Hapo adui ni unywele, unajizungusha kwenye ekseli mpaka inabana, utoe kwa sindano. Pulizia vumbi kwa pampu ya baiskeli, mdomo unatoa mate. Na usiijaribu ikiwa wazi juani, kale kajicho kanaona na mwanga wa jua vilevile na mshale utafanya vituko, utadhani umeharibu.

Apple walipotoa kompyuta yao ya Lisa 1983 timu iliyowachorea mausi ilihakikisha gololi inatoka kwa mkono ili mtumiaji asafishe mwenyewe, zile za Xerox zilizotangulia zilikuwa ghali na ngumu kusafisha. Yani walikaa wakajua hii kitu lazima itachafuka, wakaweka mlango. Leo nunua mausi ya bei rahisi uone kama kuna mlango.

Rudisha gololi ikiwa kavu kabisa, funga mfuniko, jaribu. Na tafuta padi, meza ya fomaika au ya vioo gololi inateleza tu haizunguki. Padi ya kitambaa chenye raba chini ndo nzuri, na ifue, padi chafu ndo kiwanda cha ukoko.

HATUA YA 4: Ya taa nyekundu

Hapa kazi ndogo. Ndani kuna kamera ndogo inapiga picha za meza kwa kasi na kulinganisha picha na iliyopita kujua umesogea wapi. Microsoft waliuza IntelliMouse Explorer 1999, ilikuwa inapiga picha 1,500 kwa sekunde, na hapo ndo gololi zilianza kufa. Kwaiyo ikizubaa mambo ni mawili. Kwanza kuna kitu kwenye kitundu, unywele mmoja tu ukikaa mbele ya lenzi mshale unatetemeka ukiwa umeacha mkono, pulizia na upitishe pamba kavu. Pili meza yenyewe, kioo na vigae vinavyong'aa kamera haioni alama ya kulinganisha, weka karatasi, hata A4 nyeupe inatosha maana kwa karibu karatasi ina nyuzinyuzi zake.

Hizi za mwanzo pia ukizitupa mkono haraka sana mshale unapotea au unarudi nyuma. Hiyo sio ubovu, umesogea mbali kabla kamera haijapiga picha inayofuata, haiwezi kulinganisha. Wacheza gemu mtaniambia mimi mzee ila ndo hivyo, sio za kazi hiyo.

Ukikutana na ya Mouse Systems ya miaka ya 80, ya taa lakini ilikuja na padi ya chuma yenye mistari, usinunue bila padi yake. Inasoma mistari ile tu, mezani ni pambo.

HATUA YA 5: Kubofya mara moja inabofya mara mbili

Huu ugonjwa ndo unaua mausi nyingi za USB. Unabofya faili mara moja linafunguka, au unaburuta kitu katikati ya safari kinadondoka. Kabla hujafungua nenda kwenye mipangilio ya mausi, pandisha kasi ya kubofya mara mbili uone. Ikiendelea basi ni swichi.

Chini ya kila kitufe kuna kiboksi kidogo cheusi au cheupe chenye kidoti juu, pini tatu chini, nyingi zimeandikwa Omron. Ndani yake kuna kapande kadogo ka bati la shaba ambako kanajipinda na kurudi, kakichoka au kakishika kutu kanatetemeka badala ya kugusa mara moja, na kompyuta inahesabu kila mtetemo kama mbofyo. Suluhisho la kudumu ni kubadilisha swichi. Kuna wanaofungua kile kiboksi na kukunja shaba upya kwa sindano, inawezekana ila kile kidoti cha juu kinaruka na ukikipoteza umekwisha, mimi nimefanikiwa mara moja na nimepoteza viwili, kwaiyo fanya hesabu mwenyewe.

Spea usinunue, chukua mausi nyingine iliyokatika waya, ng'oa ya kitufe cha kulia maana cha kulia watu hawakibonyezi sana, kwa kawaida kinakuwa bado kizima. Kabla ya kung'oa piga picha na simu uone kidoti kimeelekea upande gani, ukiigeuza haitabofya kabisa. Joto lisikae muda mrefu pale, bodi za mausi ni nyembamba na njia za shaba zinabanduka.

Gurudumu la kuskroli likiruka, unashuka linapanda, tia tone la spiriti kwenye kile kisanduku kilichoshika ekseli yake, lizungushe mbele na nyuma mara nyingi, liache likauke. Na raba ya mausi ikishalainika, inanata kama sambusa ya jana, ifute na spiriti mpaka itoke yote, plastiki ya chini haina shida.

HATUA YA 6: Waya

Waya mara nyingi unakatikia sehemu mbili, pale unapoingia kwenye mausi na pale kwenye kichwa. Mausi ikiwa imewaka upinde pale shingoni, ikiwaka na kuzima umepata jibu. Fungua, kata sentimita kumi za waya, menya, unganisha upya. Kuna nyaya nne tu, USB ni umeme, hasi na mbili za data, PS/2 nayo pini ni sita ila zinazotumika ni nne. Rangi usiziamini hasa za bei rahisi, andika mpangilio kabla hujakata au pima na mita.

HATUA YA 7: Kasi, kwa nini mausi ya zamani inaonekana nzito

Mtu anachukua mausi ya zamani, nzima kabisa, anaweka kwenye kompyuta mpya, anasema mbona mshale unatambaa kama kobe. Hesabu yake iko hivi. Chukua mausi inayohesabu hatua 400 kwa inchi, kiwango cha kawaida kwa zile za taa za mwanzo. Skrini ya zamani yenye upana wa doti 640 unaivuka kwa sentimita 4 za mkono. Skrini ya leo ya doti 1920 ni sentimita 12. Ukienda kwenye 4K yenye 3840 ni sentimita 24, hapo unasukuma mpaka kikombe cha chai. Mausi haijazeeka, skrini ndo imekua.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika main.cpl, unafika moja kwa moja kwenye mipangilio ya mausi. Kile kipimo cha kasi kina ngazi 11, ya katikati ndo hatua moja kwa doti moja, ukipandisha moja au mbili sio mbaya, ukimaliza zote mshale unaanza kuruka doti na kulenga vitu vidogo inakuwa tabu. Pale palipoandikwa Enhance pointer precision kila mtu mtandaoni anakwambia toa tiki. Kwa gemu sawa. Kwa mausi ya hatua 400 kwenye skrini kubwa mimi nasema iache, ile inafanya ukisukuma haraka mshale uende mbali na ukisukuma taratibu uende kidogo, ndo dawa yenyewe unayoitafuta.

Wa serial mtaona mshale unarukaruka kidogo hata mkisafisha, njia yenyewe ni ya biti 1200 kwa sekunde kwaiyo taarifa zinafika kama mara 40 tu kwa sekunde, USB ya kawaida ni 125. Hamna cha kufanya, ndo ilivyo.

HATUA YA 8: Ukienda kununua iliyotumika, ijaribu macho yakiwa yamefungwa

Sitanii. Iweke mezani, fumba macho, ishike. Bila kuangalia ujue mbele ni wapi, kidole kifike kwenye kitufe bila kutafuta, na kiganja kisining'inie hewani. Kama lazima uangalie kujua mbele ni wapi iache hapohapo. Mfano ni ile ya duara ya Apple iliyokuja na iMac 1998, nzuri kwa kuangalia kama biskuti, lakini ukiishika inazunguka mkononi, unasukuma mbele mshale unaenda kwenye kona. Baadae wakaweka kibonde kwenye kitufe ili kidole kipajue, na 2000 wakaibadilisha kabisa. Ina kitufe kimoja pia, ukiipata kubofya kulia ni kushikilia Control.

Kinyume chake ni zile za rangi ya maziwa zilizoenea kwenye intaneti kafe, hazina sura lakini zimelingana pande zote, shoto na kulia wote wanatumia. Wa mkono wa kushoto epukeni zile zilizopinda kwa ajili ya kidole gumba cha kulia, hata mkibadilisha vitufe kwenye mipangilio mkono utauma.

Kagua gurudumu la kuskroli kama lipo, lilianza kuenea na IntelliMouse ya Microsoft ya 1996, na bonyeza gurudumu lenyewe maana nalo ni kitufe, juu ya linki linafungua tabu mpya. Umanjano wa plastiki usikutishe, haupunguzi kitu. Na kwa ya gololi, kabla hujalipa, fungua mfuniko uone kama gololi ipo.

Nasema hivyo kwa sababu jana mama mdogo kanipigia tena. Mwanangu, imekufa moja kwa moja sasa hivi. Nikamuuliza mfuniko upo? Upo. Gololi je? Kimya. Kumbe mjukuu kaniona siku ile nafungua, leo ipo mtaani inacheza na gololi za kioo na inazishinda zote kwa sababu ni nzito. Akauliza kama anaweza kuweka ya kioo badala yake. Haifai, kioo hakishiki meza wala rola, itateleza tu, na saizi haiwezi kulingana. Gololi za mausi zenyewe hazina saizi moja, kwaiyo ukikuta mausi ya gololi imekufa kabisa toa gololi yake weka kwenye kopo, pima kwa kuiingiza, ikicheza sana au ikibana springi usilazimishe. Kwenye boksi langu nilikuwa na nne, ya tatu ikaingia. Nikamfungia mfuniko na selotepu.